Vigae vya Namba Saba

Nilikuja Rustavi na korongo kwenye karatasi,
korongo mweupe, mabawa wazi, mita sita kwa tatu,
amekwisha pitishwa na kamati na kugongwa muhuri.
Ukuta wenyewe ulikuwa kivukoni, chini ya reli,
penye harufu ya kutu na mkojo,
watu wakipita mkono mmoja puani,
mwingine umekumbatia mkate.

Nikabandika tangazo: *Leteni vigae.*
Siku ya kwanza alikuja paka.
Siku ya pili Guliko wa ghorofa ya nne,
na kikombe kilichokatika mkono.
Akauliza kama nanunua kwa kilo.

Halafu, sijui nani alimwambia nani
(katika jengo lile neno hupanda ngazi
na kuiacha lifti imekwama),
wakaja.
Wengine na vigae vya bafu, kijani kile
kilichokuwa bafuni mwa kila mtu,
wengine na vigae vya sahani, vya birika,
vya mbwa wa kauri aliyebaki kichwa.
Wote walikuwa wamelisoma tangazo sawasawa.
Zauri akaburuta gunia la masimbi ya tanuri,
meusi, yanang'aa kama kioo:
"Miaka thelathini na moja. Weka popote."

Lamzira, aliyewahi kukata tiketi,
akasimama mbele ya mchoro wangu wa chaki.
"Huyu ndege ni wa nani?"
"Ni alama ya matumaini," nikasema,
na masikio yangu yakanisikia.
"Hapa hajatua hata siku moja.
Hapa ilikuwa inatua namba saba."

Namba saba! Kivuko kizima kikaitika.
Basi la umeme, pembe mbili juu zikinyonya waya,
pembe zikichomoka kila kona,
dereva akishuka na fimbo ndefu, akitukana mvua.
Lilikuwa la buluu, akaapa Badri.
Jekundu, akaapa mkewe.
Siku tatu hawakusemezana,
nami siku tatu nikachanganya saruji bila kujua ya nini.
Mwishowe mbele buluu, nyuma jekundu,
na hapo katikati, rangi zinapogombana,
ndipo penye mlango.

Nikamfuta korongo kwa ndoo ya maji.
Mguu mmoja tu ulikataa kutoka.
Tukaugeuza nguzo ya kituo.

Kila mtu akapewa dirisha lake.
Watoto walijitengenezea macho ya vifungo,
Guliko akajiweka kiti cha mbele, kikombe ndicho uso.
Zauri na gunia lake wakawa barabara.
Nilijaribu kunyoosha mstari wa paa,
nikapigwa kofi la mkono, kofi la kweli, lenye saruji.

Jioni ya mwisho alikuja Tsiala na sahani nzima,
samaki wawili wa buluu, ukingo wa dhahabu.
"Mama, hii haijavunjika."
Akanitazama kama mtu anayesikia bei.
Mwanawe yuko Poland, anapakia maboksi;
sahani zilikuwa sita, za arusi yake,
arusi ambayo haikuwa.
Akaichukua, akatoka nje.
Tulinyamaza wote na miiko yetu mikononi.
Tukasikia.
Akarudi na vipande kwenye aproni:
"Sasa je?"

Dirisha la pili kutoka mlangoni.
Samaki mmoja amepona, mwingine ni mkia tu.

Kamati ilikuja Ijumaa, ikamtafuta korongo wake.
Ikauliza sahihi ya msanii iko wapi.
Nikatafuta pa kuiweka, hapakuwa na nafasi
hata ya kucha, na saruji ilikuwa imekwisha kukauka.

Harufu bado ipo, tusidanganyane.
Kila Jumamosi Guliko hushuka na ndoo ya sabuni,
huanza na magurudumu.